Oili Chafu Ina Jirani: Kwa Nini Kila Parokia Iwe na Pipa Lake



Kila ifikapo tarehe 1 Septemba, siku ambayo Baba Mtakatifu Fransisko aliitenga mwaka 2015 kwa ajili ya kuombea utunzaji wa kazi ya uumbaji, parokia na seminari nyingi hupanda miti. Ni desturi njema na tunaomba iendelee. Mti una baraka zake, una kivuli chake, na tuseme ukweli, una picha yake pia. Baba paroko anashika mche, watoto wa Utoto Mtakatifu wanashika ndoo, picha inapigwa na kuwekwa kwenye kundi la WhatsApp la kigango.

Ipo kazi nyingine ya kutunza mazingira ambayo haina picha. Hufanyika nyuma ya nyumba, pembeni ya banda la jenereta, au chini ya mwembe pale gari linapoegeshwa. Mtu anajilaza chini ya gari na spana mkononi, anafungua nati, na oili nyeusi inashuka kwenye karai. Anafunga nati, anabadilisha filta, anajaza oili mpya, anawasha injini na kusikiliza. Kazi imekwisha, gari liko salama. Sasa lile karai linakwenda wapi?

Mara nyingi linakwenda kwenye shimo la taka, kwenye mtaro, kwenye mizizi ya mti usiotakiwa, au kwenye uwanja ili vumbi litulie. Filta hutupwa pamoja na maganda ya ndizi. Katika makala hii tunapenda kusema kwamba jambo hili dogo ni jambo la haki, na kwamba parokia zetu zina uwezo wa kulimaliza, pengine kuliko taasisi nyingine yoyote kijijini.

Jambo dogo linalojificha

Gari dogo hubeba takribani lita 4 za oili. Pikipiki nyingi za bodaboda hubeba takribani lita 1. Mashine ya kusaga, trekta, jenereta na pampu ya maji nazo zina kiasi chake. Ukimwambia mwenye pikipiki kwamba lita yake moja inaharibu nchi, atacheka, na hatuwezi kumlaumu. Lita moja ni nini mbele ya mlima na mto?

Tupige hesabu kidogo. Tuseme kijiwe kimoja kina pikipiki 20, na kila dereva anabadilisha oili mara moja kwa mwezi, jambo la kawaida kwa anayebeba abiria kutwa nzima. Hizo ni lita 20 kwa mwezi na lita 240 kwa mwaka. Pipa la kawaida la mafuta lina lita 200. Kijiwe hicho kimoja, bila mtu yeyote kukusudia ubaya, kinajaza pipa na kulifurikisha kila mwaka. Kama oili hiyo haiko ndani ya pipa, basi iko ardhini. Na parokia moja ya mjini ina vijiwe vingapi?

Hapa ndipo udogo unapotudanganya. Kila mmoja anatazama karai lake, hakuna anayetazama pipa. Dhamiri yetu imezoea kuhukumu tendo la mtu mmoja kwa wakati mmoja: nimeiba, nimesema uongo, nimepiga. Haikuzoea kuhukumu tendo ambalo likifanywa na mmoja halionekani, na likifanywa na wote linaharibu kisima. Waraka wa Laudato Si' unaligusa jambo hili katika namba 211, pale Baba Mtakatifu Fransisko anapoyahesabu matendo madogo ya kila siku, ikiwemo kutenganisha taka, kuwa ni sehemu ya malezi ya kweli ya Mkristo. Hakuyaweka pale kama mapambo. Aliyaweka kwa sababu alijua kwamba uharibifu nao umejengwa kwa matendo madogo ya kila siku.

Oili haifi, inachafuka

Katika somo la metafizikia sisi mafrateri tunajifunza kutofautisha kitu chenyewe na hali zinazokipata. Mtu akiugua hajaacha kuwa mtu. Lugha ya mafundi wetu inaijua tofauti hiyo hata bila kumsoma Aristotle. Hawasemi "oili iliyokufa". Wanasema "oili chafu". Na wako sahihi.

Oili ya injini kwa sehemu kubwa ni mafuta ya msingi yaliyotengenezwa kutokana na mafuta ghafi, yakaongezewa kemikali za kulinda vyuma na kuzuia kutu. Ikifanya kazi ndani ya injini, kemikali hizo huisha polepole, na oili hupokea masizi, chembe za chuma kilichosagika, maji, na mabaki ya petroli au dizeli. Lakini mafuta ya msingi yenyewe hubaki. Kiwanda chenye mitambo inayofaa kinaweza kuondoa maji kwa joto, kutenganisha uchafu, kuyasafisha mafuta yale na kuyaongezea kemikali mpya, yakawa oili tena. Shirika la Mazingira la Marekani, EPA, hueleza kwamba ili kupata takribani lita 2.4 za oili ya kulainishia zinahitajika lita 159 za mafuta ghafi, au lita 3.8 tu za oili chafu. Anayemwaga karai lake anatupa kitu ambacho bado kina thamani.

Tuelewane hapa. Kurejeleza oili ni kazi ya kiwanda. Kuichuja kwa kitambaa, kuimimina kwenye kopo jipya na kumuuzia dereva wa bodaboda kama oili mpya ni wizi, na injini ya maskini ndiyo inayolipa.

Filta nayo ni vivyo hivyo. Kwa nje tunaona kopo la chuma, kwa ndani kuna karatasi iliyokunjwakunjwa na mpira. Filta iliyofunguliwa na kutupwa papo hapo inaweza kubaki na hadi robo lita ya oili ndani yake. Ikimwagika yote vizuri, chuma chake ni chuma kama kingine, na mnunuzi wa vyuma chakavu anakijua. Ikitupwa shimoni ikiwa imejaa, hiyo robo lita itatoka siku kutu itakapotoboa kopo, wakati aliyeitupa ameshasahau.

Kondoo wanaochafua maji

Nabii Ezekieli, katika sura ya 34, ana maneno makali kwa kondoo wanono. Wamekula malisho mazuri na kunywa maji safi, kisha wanaukanyaga mto kwa miguu yao, na kondoo dhaifu wanakunywa maji yaliyotibuliwa. Mara nyingi tumezoea kusikia sura hii ikisomwa juu ya wachungaji wabaya. Tusisahau kwamba kuanzia aya ya 17 Mungu anawageukia kondoo wenyewe, na kosa analowashitaki nalo ni la maji.

Watu wa Kilimanjaro wana mfano wa pekee wa kuelewa Neno hili. Kwa karne nyingi Wachagga wamechimba mifongo, yaani mifereji inayoyashusha maji kutoka juu mlimani na kuyapitisha shamba kwa shamba. Mfongo una zamu zake, una siku zake za kazi ya pamoja, na asiyetokea kusafisha hutozwa. Wazee walioweka taratibu hizo walijua kwamba kila nyumba katika mfongo ina nyumba nyingine chini yake. Ukichafua kwako, umechafua kwa jirani.

Oili huenda njia hiyo hiyo, hata pasipo na mfereji unaoonekana. Ikimwagwa juu ya ardhi, mvua huisukuma mtaroni na mtaro huipeleka mtoni. Nyingine huzama kidogo kidogo kuelekea kwenye maji ya chini, na haiozi haraka. EPA hiyo hiyo huonya kwamba oili ya gari moja, kiasi cha galoni moja, inaweza kuharibu galoni milioni moja za maji safi. Ni lita moja kwa lita milioni moja. Ndani yake mna chembe za metali nzito kama risasi, na kemikali zitokanazo na kuungua kwa mafuta, ambazo baadhi yake, kama benzopirini, zinajulikana kusababisha saratani.

Mtakatifu Thomas wa Akwino anafundisha kwamba mtu anaweza kumiliki mali kuwa yake, lakini katika kuitumia aione kuwa ni kwa ajili ya wote. Tunapenda kukumbuka fundisho hili linapohusu tajiri na ghala lake. Tulikumbuke pia linapohusu uwanja. Hati ya kiwanja inasema ardhi ni yangu. Maji yanayopita chini yake hayajaandikwa kwenye hati ya mtu.

"Lakini ni dawa ya mchwa"

Tukilizungumza jambo hili na waamini, jibu la kwanza huwa ni moja: oili chafu haitupwi, ina kazi. Hupakwa kwenye nguzo na mbao ili mchwa wasile. Hupakwa kwenye banda la mbuzi. Wapo wanaowapaka nguruwe wenye ukurutu. Tena huombwa na hutolewa bure, au huuzwa kwa bei ambayo mjane anaimudu.

Jibu hili lina uzito na tusilipuuze. Mama anayejenga jiko lake kwa nguzo za mkaratusi hana fedha ya kununua nguzo zilizotiwa dawa kiwandani. Mchwa wakila nguzo, paa litaanguka juu ya watoto wake. Anayemhubiria juu ya maji ya chini ya ardhi bila kumpa njia nyingine amembebesha mzigo asioutia mkono hata kwa kidole. Hatusemi kwamba mama huyo ametenda dhambi.

Lakini tuitazame dawa hii vizuri. Nguzo iliyopakwa oili hushikwa na watoto wanaocheza, na mbuzi huilamba. Mvua huiosha na kuishusha kwenye bustani ya mchicha iliyo pembeni. Anayeipaka kwa mikono mitupu, mwaka hadi mwaka, anaipa ngozi yake sumu ile ile tuliyoitaja. Na nguruwe aliyepakwa ataliwa. Kitu ambacho mwenye gari amekikataa kwa sababu ni kichafu mno kwa injini ya chuma, kinapewa mwili wa maskini na wanyama wake. Je, hiyo ni sadaka, au ni kuhamisha taka kutoka kwa mwenye nacho kwenda kwa asiye nacho?

Njia nyingine zipo, nazo si za kitajiri sana. Nguzo ikisimamishwa juu ya msingi wa mawe au zege, isiguse udongo, mchwa wanapata kazi kubwa kuifikia na njia yao ya udongo inaonekana mapema. Gome likibanduliwa na mti ukakauka vizuri kabla ya kujengea, nguzo inadumu zaidi. Ukurutu wa nguruwe una sindano yake kwa daktari wa mifugo. Parokia yenye mradi wa ujenzi inaweza kumsaidia mjane mifuko miwili ya saruji kwa ajili ya nguzo zake. Huo utakuwa msaada usio na doa.

Kwa nini parokia?

Tufike sasa kwenye hoja yetu kuu. Mtu mwenye lita 4 za oili chafu, hata akiwa na dhamiri safi kama maji ya chemchemi, hana pa kuzipeleka. Mkusanyaji mwenye kibali hawezi kutoka mjini na gari kuja kuchukua lita 4, maana dizeli yake tu inazidi thamani ya mzigo. Kwa hiyo yule mwema na yule mzembe wote wanaishia kwenye mtaro ule ule. Kinachokosekana hapa ni mahali pa kukusanyia. Nia njema peke yake haitoshi.

Sasa tujiulize, ni nani kijijini anayejua kukusanya vitu vidogo vya watu wengi? Kanisa limefanya kazi hiyo tangu mwanzo. Sadaka ya shilingi mia tano inajenga kigango. Debe moja moja la mahindi kutoka kila jumuiya linalisha seminari, na sisi tunaoandika haya tumekula mahindi hayo. Katika Injili ya Yohane sura ya 6, Bwana baada ya kuwashibisha watu elfu tano hakuondoka. Aliwaagiza mitume wakusanye mabaki ili kisipotee kitu, na vikapu 12 vikajaa. Aliyetoka kuzidisha mikate angeweza kabisa kuyadharau makombo, lakini hakuyadharau.

Parokia ina kiwanja chenye uzio, ina mlinzi, ina Halmashauri Walei yenye katibu na daftari, ina Jumuiya Ndogo Ndogo zinazofika hadi mlango wa mwisho. Na yenyewe ina gari, ina jenereta, pengine na trekta. Inaweza kuwa na pipa. Pipa likijaa, mkusanyaji ana sababu ya kuja.

Tena sheria iko upande wetu. Kwa Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, taka hatarishi husimamiwa na Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, NEMC, na anayezikusanya au kuzisafirisha anatakiwa kuwa na kibali. Basi hatua ya kwanza ni baba paroko au katibu wa Halmashauri Walei kumwona afisa mazingira wa halmashauri, aulize ni nani mwenye kibali katika eneo lao na masharti ya kuhifadhi ni yapi. Hapo ndipo pa kuanzia, hata kabla ya kununua pipa.

Namna ya kuanza

Tunapendekeza mambo machache ambayo fundi yeyote atayaelewa.

Kwanza, chombo. Pipa liwe zima, lenye mfuniko, liandikwe kwa rangi OILI CHAFU, likae chini ya paa juu ya sakafu ya saruji, mbali na kisima na mbali na moto. Dumu la kuletea oili kutoka nyumbani liwe la kazi hiyo tu. Tunalisisitiza hili kwa sababu madumu yetu yana maisha mengi: leo oili, kesho maji, keshokutwa mafuta ya kula. Dumu la oili chafu lisirudi jikoni kamwe.

Pili, usafi wa uchafu. Oili chafu isichanganywe na petroli, mafuta ya breki, maji ya rejeta wala rangi. Ikichanganywa, kiwanda hakiwezi kuitumia, na pipa zima linakuwa mzigo kwa sababu ya kopo la mtu mmoja.

Tatu, filta. Itobolewe upande wa juu uliofumba wakati injini bado ina joto, igeuzwe juu ya karai, iachwe ichuruzike kwa saa 12 au zaidi. Oili yake iingie kwenye pipa, na chuma chake kiwekwe pamoja na vyuma chakavu.

Nne, mikono. Glavu ni bei ndogo kuliko hospitali. Oili iliyomwagika chini inywewe na mchanga au vumbi la mbao, isisukumwe kwa maji hadi mtaroni. Na isichomwe. Moshi wake hubeba ile risasi na kuipeleka kwenye mapafu ya mtaa mzima.

Tano, daftari. Nani ameleta, lita ngapi, nani amechukua, kwa kibali gani. Pakipatikana fedha, hata kidogo, isomwe kanisani kama fedha nyingine. Pipa lisilo na daftari litamvutia yule mwenye kitambaa na makopo mapya tuliyemtaja hapo juu.

Vijana wa VIWAWA, ambao wengi wao ni madereva wa bodaboda na mafundi, ndio wanaofaa kukabidhiwa kazi hii. Mara nyingi tunawaita kubeba viti na kuongoza magari siku ya Kipaimara. Hapa tunawaita kwa jambo wanalolijua kuliko sisi, na tukubali watufundishe.

Kwa ndugu zetu mafrateri

Tumalizie kwa kuzungumza sisi kwa sisi. Wengi wetu, Mungu akipenda, tutakabidhiwa siku moja funguo za parokia, na pamoja nazo funguo za gari na za banda la jenereta. Watu watatusikia tukihubiri juu ya nyumba yetu sote, na wataangalia sakafu ya banda lile ina rangi gani. Mkatekumeni anayepita pale kwenda kwenye mafundisho ataiona kabla hajasikia neno letu la kwanza.

Kila mwaka katika Misa ya Krisma askofu hubariki mafuta mapya, na Kanisa halimwagi hovyo mafuta ya zamani yaliyobaki. Huyachoma kwa heshima. Hatuyafananishi mafuta matakatifu na oili ya injini. Tunasema tu kwamba Mkatoliki amelelewa kuuliza, baada ya kutumia kitu, kilichobaki kiende wapi. Basi aliulize swali hilo hilo akiwa chini ya gari, na parokia yake iwe tayari na jibu.

Tarehe 1 Septemba tupande miti. Lakini kabla ya hapo, kila anayesoma makala hii amuulize katibu wa Halmashauri Walei wa parokia yake swali moja: oili ya gari la parokia iliyobadilishwa mara ya mwisho ilikwenda wapi? Jibu likikosekana, hiyo ndiyo ajenda ya kikao kijacho.